Mstari Mwekundu Bwaloni

Salum alinipigia simu nikiwa uwanjani na wanafunzi wangu. Akaniambia Sajini Ndahani amefariki nyumbani kwake Kilimatinde na mazishi ni kesho. Nikamjibu nimesikia, nikakata simu, nikarudi kumwelekeza binti aliyekuwa anajifunza kurudisha gari nyuma katikati ya matairi mawili. Akayagonga yote mawili. Kwa kawaida ningempigia kelele, maana shule yangu ya udereva hapa Singida Mjini inajulikana kwa kelele za mwalimu kuliko kwa uzuri wa magari, lakini siku ile nilimwambia tu azime, ashuke, akanywe chai. Nikabaki peke yangu nimeshika usukani wa gari lililozimwa. Ningependa kuandika kwamba kilichonijia kwanza kilikuwa huzuni. Haikuwa huzuni. Ilikuwa aibu, ile ile ya mwaka wa kambini, ikanipanda kutoka shingoni mpaka masikioni, na mimi mtu mzima mwenye wajukuu.

Habari za nilikozaliwa na nani alinilea nitazisema mahali pengine kama nitajaliwa. Hapa inatosha kujua kwamba nilitoka Mkalama na sanduku la bati nikaingia kambi moja ya mafunzo ya kijeshi upande wa Manyoni, nikitaka kitu kimoja tu duniani, leseni ya magari makubwa. Kuruta wote tulianza pamoja kwa kwata na jembe, halafu tukagawanywa: huyu jikoni, huyu ujenzi, huyu mawasiliano ya redio, huyu zahanati. Darasa la udereva lilikuwa dogo na mlango wake alikuwa mtu mmoja, Sajini Ndahani. Yeye ndiye aliyekuwa anachagua. Aliyepita mikononi mwake alitoka akiwa na kazi, na aliyekataliwa alirudi kwao akiwa amejifunza kulima kwa mstari, kazi ambayo mimi nilishaijua. Ndiyo maana tangu wiki za kwanza nilikuwa namtafuta Ndahani kwa macho kila anapopita, nimnyooshee shikamoo yangu kabla ya wenzangu.

Alikuwa Mgogo mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini. Alikuwa ameendesha malori ya jeshi kabla ya wengi wetu kuzaliwa, na watu walisema aliweza kusikia gari bovu likiwa bado halijafika getini. Jioni tulipokuwa tunaosha magari alipenda kutuelezea misafara ya zamani. Somo lake halikubadilika. Dereva anayeongoza msafara, alisema, hatazami mbele peke yake, anatazama kioo; gari la mwisho likikwama na yeye anasimama, hata kama njia yake ni nyeupe. Tulilisikia somo hilo mpaka tukawa tunalikamilisha vinywani mwetu kabla hajalimaliza, na Salum alikuwa na namna yake ya kumwigiza, kidevu juu, macho kwenye kioo kisichokuwapo, iliyotuua kwa kicheko. Salum alikuwa mtoto wa wafanyabiashara wa hapa mjini, mwepesi wa ulimi, na kitanda chake kilikuwa juu ya changu.

Kabla ya kugawanywa, wakaja watu wa vipimo. Walitoka mjini na kompyuta zile za zamani zenye mgongo mkubwa, wakazipanga kwenye meza za bwalo tulipokuwa tunalia chakula, mbili mbili kila meza, wakawasha jenereta nje ya dirisha. Bwalo letu lilinuka maharage siku zote, hata likioshwa kwa sabuni, na siku zile likanuka maharage na dizeli. Aliyetusemesha alikuwa dada mmoja mpole anayeitwa Neema. Akatueleza kwamba jeshi linataka siku zijazo kuchagua vijana na kuwapangia kazi kwa kutumia mtihani wa kompyuta, badala ya kutegemea jicho la mtu mmoja. Lakini kwanza lazima wajue kama mtihani wenyewe unasema kweli. Mwaka huu, akasema, matokeo hayatamchagua mtu wala kumwacha mtu. Tutafanya mtihani, watayafungia matokeo, halafu mwisho wa mwaka watarudi kuwauliza wakufunzi nani amekuwa dereva mzuri na nani hakuwa, walinganishe. Hatuwapimi ninyi, akasema, tunakipima kipimo. Tukaitikia ndiyo kwa sauti moja, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwamini. Ulishaona wapi mtu anakuja na jenereta kutoka mjini, anakukalisha mtihani, halafu matokeo yasihesabiwe?

Kulikuwa na jambo la pili. Walitaka pia wapimwe watu ambao uhodari wao tayari unajulikana. Kama mtihani ukisema dereva hodari hajui udereva, Neema alifafanua, basi mtihani ndio mbovu. Mkuu wa kambi akamteua Sajini Ndahani, na Ndahani hakuwa mtu wa kukataa amri. Zamu yetu ilipofika aliingia bwaloni na gwanda lililopigwa pasi, akakaa kwenye kompyuta ya kushoto ya meza ya pili. Kulia kwake pakabaki wazi. Wenzangu wote wakajifanya hawakupaona, na mimi niliyekuwa nyuma nikajikuta hapo, bega kwa bega na mtu niliyekuwa namtafuta tangu nifike.

Msomaji ambaye hakulelewa kwetu huenda akaona nitakayoyaeleza ni upuuzi. Kwetu mtoto hatii mkono kwenye sinia kabla ya mzee, na mzee akila polepole nawe unakula polepole, usije ukaonekana unamkimbiza. Hakuna aliyekukalisha chini kukufundisha hilo. Mkono wenyewe unajua. Basi mashine iliposema bonyeza kuanza, mkono wangu ulibaki pajani. Nilimsubiri Ndahani. Akabonyeza, nami nikabonyeza. Swali la kwanza lilikuwa la gurudumu linalozungusha jingine, useme la mwisho linaelekea wapi, na jibu nililiona papo hapo. Lakini Sajini alikuwa bado anaitafuta mausi kwenye meza kama mtu anayetafuta chumvi gizani. Nikangoja. Alipojibu, nikajibu. Tukaenda hivyo maswali kadhaa, mimi nyuma yake hatua moja, naona nimefanya adabu.

Halafu akaanza kuchungulia kioo cha kompyuta yangu. Mara ya kwanza nilidhani shingo imemuuma. Mara ya pili macho yake yalikaa. Nikaona damu inanichemka usoni, kwa sababu tafsiri niliyokuwa nayo ilikuwa moja tu: mzee amekwama na anataka kuibia kwangu. Sajini Ndahani, anaibia kwa kuruta! Nikasogeza kiti nyuma kidogo ili aone vizuri, bila kumtazama, kama unavyompisha mtu mzima mlangoni. Lakini nilipotaka kubonyeza jibu nikaogopa. Je, kama nimekosea, na yeye akalichukua kosa langu? Nikaacha mkono hewani. Yeye naye hakubonyeza. Alitazama kioo changu, akatazama mbele, akatazama tena kioo changu, mikono yake mirefu imetulia mezani. Tulikaa hivyo, watu wawili mbele ya picha mbili za magurudumu, huku bwalo zima likisikika ta-ta-ta kwa vidole vya wenzetu, mpaka muda ukaisha na mashine ikafunga yenyewe.

Matokeo hayakutakiwa kuonekana. Mtu fulani katika wale wa vipimo alisahau kuzuia, na mwisho wa mtihani kila kioo kikatoa mstari wa rangi na maneno chini yake. Mstari wa kijani ulisema anafaa udereva, wa njano ulisema afikiriwe. Wangu ulikuwa mwekundu: hashauriwi kazi ya udereva. Nikageuza jicho bila kukusudia, na kwenye kioo cha kushoto nikaona mwekundu mwingine, mfupi vile vile, na maneno yale yale. Neema alikuja mbio akazima vioo kimoja kimoja, lakini nilikuwa nimeshaona. Nilipoinua uso, Ndahani alikuwa ananitazama. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kunitazama usoni mwaka ule. Akasimama, akavaa kofia, akatoka.

Kwa rangi yangu sikuumia sana, maana nilijua sababu yake. Nilimngojea mzee, basi. Wekundu wangu ulikuwa wa adabu. Wake ndio ulionitia aibu, kwa sababu nilidhani ni wa kweli. Nilijisikia kama kijana aliyefungua mlango wa bafu akamkuta baba mkwe ndani. Salum alipata kijani, akakitembeza kambi nzima kama mtu aliyeoa, akaniita Mwekundu mpaka wengine wakalisahau jina langu. Akanibana chakulani nimwambie mzee alipata rangi gani. Nikasema sikuona. Nilirudia hivyo kila alipouliza. Nilikuwa na hakika kwamba Ndahani hatamchukua darasani kijana aliyeona uchi wake. Leseni yangu nilishaiona imekwenda na jenereta.

Akanichukua. Aliita majina mbele ya gereji, Salum akiwamo, na langu akalitaja mwisho, akiangalia matairi. Na hapo ndipo mateso yangu yalipoanza. Wenzangu aliwafundisha kama alivyofundisha siku zote, kwa matusi ya kijeshi na kofi la kisogoni, akimwambia Salum kwamba angefaa zaidi kupanda lori akiwa gunia. Mimi hakunigusa. Nikikosea gia, aliangalia nje dirishani na kusema kwa upole, rudia. Nikipatia, alisema endelea. Sauti hiyo ya upole ilinichoma kuliko tusi lolote. Nililala nikimwonea wivu Salum kwa makofi yake. Nilijiambia mzee ananiogopa, na kuogopwa na mtu mzima ni jambo la aibu kubwa, hasa ukiwa hukufanya kitu.

Siku moja tulitoka na lori la mahindi kupeleka Kilimatinde, na katika kupanda mlima wa kuelekea huko akaniachia usukani. Lori lilikuwa limejaa, barabara ya vumbi imechongwa na mvua, na katikati ya mwinuko injini ikaanza kukata pumzi. Nilishusha gia kwa wakati wake, bila kukwaruza, na gari likashika. Nilijua nimefanya jambo. Hata Salum, aliyekuwa juu ya magunia, alipiga bodi kwa kiganja. Ndahani alikuwa anatazama upande wa bonde, na niliona tu shavu lake. Tulipofika juu akaniambia nipite kwake. Wengine akawaacha kivulini na chakula chao, mimi akaniingiza ndani, chumba cha chini chenye viti vya kamba na kalenda ya kanisa, na mkewe akatutengea sinia moja, ugali wa uwele, mlenda, na kuku. Nikamsalimia mama kwa magoti karibu yote. Ndahani akatia mkono, nikatia mkono. Akatafuta ndani ya bakuli, akaitoa firigisi, akaiweka upande wangu wa sinia.

Firigisi ya kuku katika nyumba ya Kigogo, na kwetu Unyirambani vile vile, ni ya mwenye nyumba. Kijana hapewi. Nilimtazama mama kuona kama kuna makosa, naye akatazama chini. Nikaila, kwa sababu kukataa kungekuwa balaa kubwa zaidi. Nilikuwa na tafsiri yangu tayari. Mzee ananinunua. Ananilisha firigisi ili nisiseme nilichokiona bwaloni. Nikamwonea huruma, na nikajichukia kwa kumwonea huruma mtu kama yule.

Mwisho wa mwaka Neema na bosi wake wakarudi, kama walivyoahidi, kuuliza wakufunzi. Walikaa na Ndahani kwenye chumba cha vipuri, na mimi nilikuwa naosha lori ukutani, chini ya dirisha lisilo na kioo. Sikwenda kusikiliza; ndoo yangu ilikuwa pale. Walipofika kwenye jina langu, Neema alisoma jibu la mkufunzi akasema kwa mshangao kwamba huyu Msengi amewekwa wa kwanza darasani, na mashine ilimkataa kabisa. Kisha nikamsikia Ndahani, polepole:

"Kwangu mimi andikeni mnachotaka. Kwa kijana yule andikeni anafaa."

Bosi akamwambia hawawezi kuandika wanachotaka, hesabu ni hesabu. Mzee alipotoka wakabaki wakijadiliana. Bosi akasema watu wawili wale, sajini na yule kuruta wake, wanawaharibia ulinganisho. Wengine wote wanakwenda vizuri, kijani wanaendesha vizuri na wekundu wanaendesha vibaya, isipokuwa hao. Huenda meza ile ilikuwa na kompyuta mbovu. Neema akauliza kama si vyema wawaulize wenyewe kilichotokea. Bosi akasema hakuna nafasi, watolewe. Tukatolewa. Nilisikia baadaye kwamba mtihani ulipita na ukatumika, na sina ugomvi nao. Ulimpa Salum kijani, na Salum ni dereva mzuri kweli. Lakini siku ile nilisimama na kitambaa kinachuruzika kwenye buti, nikifikiri: hata leo ananinunua. Ilitosha mtu kuuliza swali moja, na hakuna aliyeuliza, na mimi ndiye niliyekuwa karibu kuliko wote.

Nilipata leseni. Siku ya kuondoka alitupanga mstari, akampa kila mmoja mkono, na alipofika kwangu akaushika mkono wangu huku anatazama bega langu. Nilitaka kusema asante ya kweli. Nikaona ni heri nisimkumbushe. Kwa miaka mingi baadaye niliendesha malori barabara ile ya Dodoma, nikipita Manyoni mchana na usiku, na kila nilipofika njia panda ya kwenda Kilimatinde nilipiga honi ndefu mara mbili, kama alivyotufundisha kusalimiana na msafara mwingine. Sikukata kona hata mara moja. Nilijiambia namstahi mzee. Nikifika nyumbani kwake nitampelekea ile siku ya bwaloni, na amestahili kuisahau.

Mazishini nilikwenda na Salum, ambaye sasa ana kitambi na bado hanyamazi. Kaburi lilipokwisha kufunikwa na watu kuanza kutawanyika kwenye maturubai, mwanamke mmoja akanifuata akasema mama ananiita ndani. Chumba kilikuwa kile kile, kalenda nyingine. Mjane alikuwa amekaa kwenye mkeka katikati ya wanawake wenzake, amekuwa mdogo sana. Nikapiga goti, shikamoo mama, nikampa pole. Akanishika mkono asiuachie, akaniambia nimekaa sana bila kuja. Nikasema kazi za barabarani, mama. Akasema hapana, anajua sababu.

"Marehemu alituambia tusikuulize kamwe habari za ile kompyuta," akasema. "Alisema utaona haya."

Nikadhani sikusikia vizuri. Nikamwomba aseme tena. Ndipo akaeleza, bila haraka, kama mtu anayeeleza jambo ambalo nyumba nzima inalijua. Siku ile mzee alirudi nyumbani na majonzi. Alisema amekalishwa kwenye mashine na kijana mmoja kutoka Mkalama, kijana mwenye heshima, na kijana wa watu amekwama kila swali. Alikuwa akimtazama pembeni, anamwona mkono uko hewani haujui pa kwenda. Angeweza kuendelea peke yake. Yale magurudumu aliyaelewa. Lakini akaona hawezi kumwacha kuruta wake nyuma mbele ya watu, akaweka mikono mezani akamngojea, mpaka muda ukaisha, wakapata wekundu wote wawili. Wekundu wake haukumuuma, maana alijua sababu yake. Ulimuuma wa kijana. Akasema kijana ameona kwamba ameonekana, basi yeye hatamtazama tena usoni mpaka atakapokuwa dereva kamili, asije akavunjika moyo. Na kijana alipolipandisha mlima lori lililojaa, siku ile aliyokuja naye kula, mzee alimwambia mkewe jikoni kwamba firigisi ni ya huyu.

"Ukipiga honi kule barabarani alikuwa anaisikia," mama akasema. "Anasema, yule ni Msengi. Bado ana aibu. Mwacheni, siku moja atakuja."

Nilikuwa na maneno mdomoni. Nilitaka kumwambia kwamba mimi ndiye niliyekuwa namngojea yeye. Kwamba swali la kwanza nililijua kabla hajaishika mausi. Kwamba miaka yote hiyo nilikuwa nampisha mzee aliyekuwa ananipisha. Nikamtazama yule mama, na wanawake waliokuwa wakitikisa vichwa kwa wema, na nikaona kwamba kwa kusema hivyo ningemnyang'anya marehemu subira yake yote, nimwambie mjane kwamba mumewe alimngojea mtu asiyekwama. Nikasema ndiyo, mama. Nilikuwa naona aibu. Na hapo nilikuwa sisemi uongo.

Nje wakanikalisha turubai la wanaume. Sinia likaletwa, ugali na nyama ya msiba, na vijana watano sita wakalizunguka, madereva watupu, wanafunzi wa marehemu wa miaka ya mwisho kabla hajastaafu. Mikono yao ilikuwa imeshanawishwa. Mimi nilikuwa nimeinama natazama mikono yangu, nafikiria bwalo, na ilinichukua muda kugundua kwamba hakuna anayekula. Nikainua macho. Walikuwa wametulia, mikono mapajani, wananitazama pembeni. Mkubwa kwenye sinia lile nilikuwa mimi.

"Vijana, kuleni," nikawaambia. Hakuna aliyegusa chakula mpaka nilipotia mkono.